Godoro Kwanza, Fremu Baadaye: Kisa cha Kitanda cha Mtoto na Ukuta Unaotoa Chumvi

Nyumba iko Kimara, Dar es Salaam: vyumba viwili na stoo, tofali za saruji, dari ya jipsamu, madirisha ya mbao yenye nondo. Mama ana mimba ya miezi saba. Familia imeamua kuigeuza stoo kuwa chumba cha mtoto, na seremala wa jirani ameshaleta kitanda. Rangi imenunuliwa, msasa umeanza kupigwa kwenye fremu ya dirisha. Hapo ndipo kazi iliposimamishwa, kwa sababu kitanda kilikuwa na kasoro sita, na ukuta ulikuwa na kasoro moja iliyozidi zote kwa gharama.

Tuanze na kitanda, maana ndicho chombo pekee ndani ya nyumba ambamo mtoto huachwa peke yake kwa saa nyingi bila jicho la mtu. Kiti kikilegea, mkubwa huhisi akainuka. Mtoto wa miezi minne akibanwa hawezi kujinasua, na mara nyingi hata sauti haitoki. Kwa hiyo vipimo vya kitanda hiki havitokani na mazoea ya kuchonga vitanda vya watu wazima. Vinatokana na ukubwa wa kichwa, kiuno, mkono na kidole cha mtoto.

Kitanda kilicholetwa kilikuwa na mwanya wa milimita 90 kati ya fito na fito. Macho yanaona ni mwembamba. Lakini mtoto hatangulizi kichwa. Hujisukuma kwa miguu, nyonga zikapita, kifua kikapita, kichwa kikabaki ndani na mwili unaning'inia nje. Viwango vya Ulaya vya vitanda vya watoto, EN 716, vinataka mwanya wa milimita 45 hadi 65. Marekani kikomo ni kama milimita 60. Familia iliuliza swali la haki: kwa nini tusiongeze ufito mmoja katikati ya kila mwanya? Piga hesabu. Ufito una upana wa milimita 30. Mwanya wa 90 ukitoa 30 unabaki 60, ukigawa mara mbili unapata 30 kila upande. Milimita 30 ni kipimo kibaya kwa namna nyingine: mkono au mguu mdogo unaingia, goti au kiwiko kinagoma kutoka. Hata ufito mwembamba wa milimita 20 unaacha 35, bado mle mle kwenye hatari. Ukipigilia plaiwudi juu ya fito unaziba hewa, na Dar es Salaam ya mwezi wa pili haina huruma. Mbavu zote zikahesabiwa kuwa ni za kutengenezwa upya.

Kasoro ya pili ilikuwa godoro. Fremu kwa ndani ilikuwa sentimita 130 kwa 70, godoro lililonunuliwa baadaye ni 120 kwa 60. Seremala hakukosea kupima: aliacha nafasi ili shuka na chandarua vichomekwe, kama anavyofanya kwenye kitanda cha futi tano kwa sita. Kwa mtoto nafasi ile ni shimo. Godoro likisogea upande mmoja, upande wa pili unabaki uwazi wa sentimita 10, mtoto anabingirika, uso unaingia kati ya godoro na fito. Uwazi mkubwa unaokubalika, godoro likiwa limesukumwa lote upande mmoja, ni sentimita 3. Watu wengi huziba kwa blanketi lililokunjwa au kipande cha sponji. Vyote viwili hunyanyuka usiku, na blanketi huishia usoni. Wauza magodoro hukata sponji kwa kipimo unachotaka, na kama mbavu zingekuwa salama, godoro jipya lililokatwa sawasawa lingetosha kukiokoa kitanda.

Ya tatu ni ubavu unaoshuka kwa bawaba na komeo ili mama asiiname. Marekani ilipiga marufuku vitanda vya namna hiyo Juni 2011 baada ya watoto kufa: komeo likilegea kona moja, ubavu unaachia pembe yenye umbo la V, na mtoto ananaswa humo. Ya nne ni vichwa vya matendegu (miguu ya kitanda) vilivyochongwa kama vikombe, vikipanda sentimita 8 juu ya ubavu. Ni mapambo mazuri, lakini kola ya nguo au uzi wa chandarua ukinasa pale, mtoto anayeteleza ananing'inia kwa shingo. Ya tano ni kina: kutoka juu ya godoro hadi juu ya ubavu ilikuwa sentimita 35, kimo cha kumzuia kichanga, si mtoto anayesimama.

Ya sita haionekani kirahisi. Mbao zilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, na mwisho wake umekolea zaidi. Zilibaki kwenye kazi ya kenchi. Mbao za kuezekea hutiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na ile ya kijani mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Juu ya paa haina tabu. Lakini mtoto akiota meno hutafuna ubavu wa kitanda kuanzia kona hadi kona, na vanishi haistahimili meno. Hili peke yake lingetosha kukikataa kitanda. Mbao zile zilifumuliwa zikawa rafu ya nje ya zana za bustani. Mbao za dawa hazichomwi jikoni wala kwenye shimo la taka, kwa kuwa aseniki hubaki kwenye moshi na majivu.

Kazi mpya ilianza kwa kupima godoro, kisha ndipo penseli ikashikwa. Godoro liliandikwa 120 kwa 60, unene sentimita 10. Lipimwe lenyewe, usiamini karatasi, maana sponji huzidi au kupungua sentimita moja kirahisi. Liwe gumu: bonyeza kwa kiganja, uachie. Likibaki na shimo la mkono hata kwa sekunde chache, ni laini mno kwa mtoto anayelala bila uwezo wa kugeuza uso. Hili lilipimwa likakutwa milimita 1200 kwa 600 kamili, kwa hiyo ndani ya fremu ikawekwa 1220 kwa 620. Godoro likisukumwa lote upande mmoja linaacha milimita 20.

Mbao ilichaguliwa mninga. Paini safi isiyotiwa dawa ingefaa pia, ila ni laini, inachubuka, na tundu za bolti hulegea mapema. Mninga hausinyai sana baada ya kukauka, na hilo ndilo la maana kwa fito nyembamba: mbao mbichi ikikauka ndani ya nyumba, ufito husinyaa, huanza kuzunguka kwenye tundu lake, na mwanya wa milimita 53 unakuwa wa 60 kwa kuusukuma tu. Ubichi hupimwa kwa mizani ya jikoni. Kata kipande, kipime, kiache kivulini chenye upepo, kipime tena kila baada ya siku mbili. Uzito usiposhuka tangu kipimo cha kwanza, mbao imekauka. Kama unashuka, zipange mbao zako chini ya paa, kila tabaka na vijiti vya kutenganisha, usubiri. Vumbi la mninga huwasha pua na huamsha pumu kwa baadhi ya watu. Barakoa ni ya lazima, na mama mjamzito asikae karibu na kazi ya msasa.

Manunuzi, kwa mbao za futi 12, unene na upana kwa inchi: mbili za 2×2, tatu za 2×3, mbili za 1×8, mbili za 1×3. Bolti 8 za milimita 6 kwa 100 na nati ndefu za mviringo zinazolala ndani ya mbao, washa 8, skrubu 20 za milimita 40 na 16 za milimita 50, gundi ya mbao nusu lita, msasa namba 80, 120 na 180. Ya 2×2 ikishapigwa randa hubaki karibu milimita 45, na ya 2×3 hubaki 45 kwa 70. Kwa hesabu, 2×2 moja ya futi 12, yaani sentimita 366, inatoa matendegu manne ya sentimita 90. Kwa kweli haitoi, kwa kuwa ncha za mbao huwa zimepasuka na msumeno hula milimita tatu kila ukataji. Ya pili ndiyo iliyotoa tendegu la nne na vishikizi vya chaga, yaani mbao za kubeba godoro.

Matendegu ni ya milimita 900 na mifumbati ya juu inakwisha sawa nayo, hakuna kinachochomoza. Kila ubavu mrefu una mifumbati miwili ya milimita 1220, wa juu na wa chini. Vitakizo, yaani mbao za kichwani na miguuni, ni vinne, kila kimoja milimita 620, ukiongeza kila ncha ulimi wa milimita 30 unaoingia ndani ya tendegu. Mfumbati na kitakizo cha chini vinakaa kati ya milimita 240 na 310 kutoka sakafuni. Fito ni 42: 14 kwa kila ubavu mrefu, 7 kwa kila upande mfupi, zote milimita 30 kwa 20, urefu 544. Mbao ya 1×8 inatoa fito tano kwa upana, kwa hiyo mbao mbili zinatoa kama 60, na zile zenye kifundo au nyuzi zinazokwenda mshazari zinatupwa bila majonzi. Ufito wenye nyuzi za mshazari hukatika mtoto akiupiga teke.

Sasa penye kazi yenyewe. Seremala wa mkono hutoboa tundu moja moja kwa patasi, tundu 84, na kila moja likipotoka milimita mbili mianya inaanza kutofautiana. Njia iliyotumika hapa ni mfereji. Kwenye kila mfumbati na kitakizo hupitishwa mfereji mmoja wa upana wa milimita 20 na kina cha 12, kwa ruta (mashine ya kuchimba mifereji) au msumeno wa meza. Kisha hukatwa vijazio, vipande vya milimita 53 kwa 20 kwa 12, vyote kwa kizuizi kimoja cha msumeno ili vilingane kama sarafu. Unapanga kuanzia katikati kwenda pembeni: ufito, kijazio, ufito, kijazio. Kwenye ubavu mrefu katikati huangukia kijazio, kwenye upande mfupi huangukia ufito. Vijazio vya mwisho hukatwa kwa kupima palepale. Hapa vilikuja milimita 55 na nusu kwa ubavu mrefu na 46 kwa mfupi. Vyote viko ndani ya 45 hadi 65.

Panga kwanza bila gundi. Ukishaweka gundi una dakika chache, na mtu mmoja hawezi kuingiza fito 14 kwenye mfereji wa juu na wa chini kwa pamoja. Mfumbati wa chini ulazwe, fito zote zisimamishwe na vijazio vyake vikae, kisha mfumbati wa juu ushushwe na watu wawili, mmoja akianza ncha moja, mwingine akifuata ufito hadi ufito. Vijazio vya juu viwe vimegundishwa siku moja kabla, vikishikwa na ufito wa kupimia unaotolewa gundi ikikauka. Bana kwa klampu au kamba na kijiti cha kuzungusha, pima pembe kwa pembe. Pembe mbili zikitofautiana zaidi ya milimita mbili, sukuma hadi zilingane kabla gundi haijashika. Pande fupi zinagundishwa moja kwa moja kwenye matendegu. Mbavu ndefu hufungwa kwa bolti ili kitanda kibomolewe kikihamishwa.

Kuna mgongano hapa ambao huharibu vitanda vingi: bolti ya mfumbati na ulimi wa kitakizo hukutana ndani ya tendegu lilelile. Bolti ikipita katikati ya ulimi, inaula nusu yake. Kwa hiyo ulimi hukatwa ukae nusu ya juu ya kitakizo, milimita 10 hadi 40 kutoka juu, na bolti hupita nusu ya chini, milimita 52 kutoka juu. Kichwa cha bolti kizamishwe milimita 5.

Kitako, yaani sehemu godoro linapolala, kina kimo kimoja tu, juu yake ni milimita 300 kutoka sakafuni. Vitanda vya dukani huwa na vimo viwili, na kile cha juu ni nafuu kwa mama, hasa aliyejifungua kwa upasuaji. Hata hivyo, hapa tunashikilia kimo kimoja. Kile cha juu kinataka tundu za ziada kwenye matendegu na kinategemea mtu akumbuke kukishusha kabla mtoto hajaanza kukaa, na siku ya kukaa haitoi taarifa. Ukitoa sentimita 10 za godoro, juu ya godoro kunabaki sentimita 50 za ubavu. Wiki za mwanzo baba au bibi amnyanyue mtoto na kumpa mama akiwa ameketi. Chaga ni 10, upana milimita 70, urefu 615, mwanya kama 57, zikilala juu ya vishikizi vilivyogundishwa na kufungwa kwa skrubu ndani ya mifumbati ya chini. Toboa kabla ya kila skrubu. Mninga mkavu usipotobolewa hupasuka, hasa milimita 20 kutoka ukingoni.

Kingo zote zikalainishwa kwa msasa hadi kidole kisihisi ncha. Kisha kilichongwa kipande kigumu cha mbao chenye upana wa milimita 65 na kusukumwa kwa nguvu katikati ya kila jozi ya fito. Mahali popote kikipita, ubavu unarudi mezani. Kumalizia kulikuwa vanishi ya maji yenye alama ya EN 71-3, kiwango cha Ulaya cha metali zinazotoka kwenye vitu vya kuchezea watoto. Kopo lisilo na alama yoyote, hasa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti, halifai, hata kama ni jeupe na linang'aa.

Tugeukie ukuta. Upande wa bafu, rangi ilikuwa imevimba kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na chini yake kulikuwa na unga mweupe. Ule unga ni chumvi. Maji hupanda ndani ya tofali, hubeba chumvi iliyo kwenye mchanga na saruji, yakifika juu hukauka na kuiacha. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake, maji hayana pa kutokea na rangi inabanduka vipande. Hapo watu hupaka tena, kila mwaka, na ukungu huendelea kukua nyuma ya kabati. Kabla ya kubomoa, kipande cha nailoni cha nusu mita kilibandikwa ukutani kwa gundi-tepu pande zote kwa siku nzima. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani; yakiwa mbele, ni hewa ya chumba isiyozunguka. Yalikuwa nyuma. Bomba la bafu lilikuwa linavuja kwenye kiungo ndani ya ukuta, na baada ya kurekebishwa, plasta ilibomolewa hadi sentimita 30 juu ya alama ya maji, chumvi ikapigwa brashi kavu (kuosha kwa maji kunairudisha ndani), ukuta ukaachwa ukauke, plasta mpya ikapigwa na kukaa wiki nne kabla ya rangi ya maji.

Ndiyo maana chumba hakikuwahi tarehe ya kujifungua, na hakukuwa na hasara. Ushauri wa madaktari ni mtoto alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake, angalau miezi 6 ya mwanzo. Kitanda chenye upana wa nje wa sentimita 71 kinapita kwenye mlango wa chumba cha wazazi wa sentimita 80, ubao wa mlango ukiwa umefunguka wote. Pima hilo kabla ya kuamua upana wa matendegu.

Msasa mkavu uliokuwa umeanza kwenye fremu ya dirisha ulisimamishwa siku ileile. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, vumbi lake linapita kwa mama hadi kwa mimba, na mtoto anayetambaa atalilamba kutoka sakafuni miezi mingi baadaye. Rangi hulowanishwa, hukwanguliwa ikiwa mbichi, mabaki huokotwa kwenye nailoni, sakafu inapigwa deki mara mbili. Mjamzito asiwepo. Rangi mpya isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Madogo yaliyobaki: kabati la droo lilifungwa ukutani kwa engo mbili na fisha za milimita 8, maana mtoto huvuta droo zote na kuzipanda kama ngazi. Kitanda kiliwekwa mbali na dirisha, kwa sababu nondo za kulala nazo ni ngazi. Chandarua kilitundikwa kwenye mbao ya dari, si kwenye jipsamu, na hakuna uzi unaoning'inia ndani ya kitanda. Chandarua chenye dawa kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kutumika mara ya kwanza. Ndani ya kitanda hakuna mto, wala mito ya kuzungushia fito, wala mdoli wa manyoya. Mtoto alazwe chali.

Bolti zikazwe baada ya mwezi wa kwanza, kisha kila masika na kila kiangazi, kwa kuwa mbao hujaa na kusinyaa. Kitanda hiki kinaachwa mtoto akifikia kimo cha karibu sentimita 90, au mapema zaidi siku ile atakapopandisha mguu juu ya mfumbati.